Mwalimu Ugenini: Maisha Yake Baada ya Kengele, Toka 1960 Mpaka Leo



Katika kurasa hizi tumeshaandika mara nyingi juu ya masomo ya watoto wetu: mabati, viti, ubao, minervali. Mwalimu naye tunamtaja, lakini mara nyingi anaingia katika ripoti kama hesabu tu: walimu kadhaa, wanafunzi kadhaa. Mara hii tunataka kumtazama mwalimu mwenyewe, tena yule anayefundisha mbali na kwao. Analala fasi gani? Anakula nini? Jumapili anakwenda wapi? Akipata kilio kijijini kwao, nani anakaa naye?

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo, historia ni vita na marais. Sisi tunaona tofauti. Kalasini walimu wote wanafanana: chaki, ubao, watoto. Lakini ifikapo saa kumi na moja jioni, kengele ikiwa imeshalia na watoto wamekwenda, ndipo unajua kama mwalimu mgeni amepokelewa, au anavumiliwa tu. Watu wa Kongo wanayajua mambo haya kwa pande mbili. Tulipokea walimu wa kigeni, halafu na sisi tukawa walimu wa kigeni. Tuanze na wale waliotujia.

Wahaiti, 1960

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache tu baadaye askari waliasi, hofu ikaenea, na Wabelgiji kwa maelfu walifunga nyumba zao wakaondoka. Kati yao walikuwemo walimu. Wabelgiji walikuwa wameacha shule za msingi nyingi, za wamisionari hasa, lakini njia ya kupanda juu waliibana sana. Siku ya uhuru, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata 30 katika nchi nzima. Basi shule za sekondari zilibaki na majengo, na watoto, na vitabu ndani ya makabati, lakini bila mtu wa kufundisha hesabu, fizikia au Kifaransa.

Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, ukaanza kutafuta walimu wanaojua Kifaransa. Hapo ndipo walipokuja Wahaiti. Haiti ni nchi ya visiwa vya Karibi. Watu wake ni wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani, na wengi wa mababu hao walipakiwa melini kwenye pwani ya Kongo. Walijikomboa wenyewe kutoka kwa Wafaransa na wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804. Kwa hiyo mwalimu wa Haiti aliyeshuka Léopoldville alikuja kwenye nchi ambayo huenda babu wa babu yake aliondolewa kwa minyororo.

Lakini tusiseme walikuja kwa ajili ya mababu tu. Toka 1957 kwao alitawala François Duvalier, na msomi aliyefungua mdomo wake aliweza kuchukuliwa usiku asionekane tena. Kazi ya Kongo ilikuwa mshahara, na ilikuwa pia mlango wa kutokea. Wakaja walimu, waganga, mafundi wa kilimo, mahakimu. Kwa miaka ile yote walikuwa maelfu, wakasambazwa mpaka kwenye majimbo ya ndani.

Fikiria maisha ya mtu yule. Ni mweusi kama sisi, lakini akifungua mdomo kunatoka Kifaransa kilichonyooka, na hajui neno moja la Lingala wala la Kiswahili. Mtoto wa mtaani haelewi amwite nani: ni muzungu, au ni ndugu? Kwa wenzake anaongea Krioli, lugha ya kwao. Kwa kawaida mkataba wa mwalimu wa kigeni ulimpa nyumba na mshahara wa uhakika, na hilo peke yake lilimtenga na mwalimu Mkongo waliyefundisha naye ukuta kwa ukuta. Jioni alikuwa huru kwenda anapotaka: kutembea mjini, kusikiliza rumba, kukaa na Wahaiti wenzake kuzungumza habari za kwao. Kitu kimoja hakuwa nacho, nacho ni njia ya kurudi nyumbani bila hofu.

Wengi walikuja na familia. Kati ya watoto hao alikuwa Raoul Peck, mtengeneza filamu, aliyezaliwa Port-au-Prince 1953. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kilimo, na familia ikahamia Léopoldville yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alipokuwa mtu mzima alitengeneza filamu mbili juu ya Patrice Lumumba, moja mwanzoni mwa miaka ya 1990 na nyingine mwaka 2000. Ile ya kwanza imejaa mambo aliyosimuliwa na mama yake juu ya Kongo ya siku zile. Wazazi walikuja kwa mkataba wa kazi, lakini mtoto alikulia hapa, na Kongo haikumtoka.

Kufika katikati ya miaka ya 1970, Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule, walikuwa wameshahitimu kwa wingi, na siasa ya Mobutu ilikuwa ya kurudisha kazi mikononi mwa wenyeji. Wahaiti wengi wakaondoka. Kwao sasa alitawala mwana wa Duvalier, kwa hiyo si wote waliorudi. Wengine walikwenda Kanada na Marekani, wakawa wageni kwa mara ya pili. Kati ya wazee wetu waliomaliza sekondari miaka ile ya 1960, wapo waliofundishwa na watu hao. Ukikutana na mmoja wao, muulize. Atakutajia jina la mwalimu na namna alivyokuwa akivaa, hata kama amesahau somo lenyewe.

Wamarekani wa miaka miwili

Kuanzia 1970 wakaja wengine, vijana Wamarekani wa Peace Corps. Walifundisha Kiingereza, hesabu na sayansi katika sekondari, na wengine waliwafundisha wakulima kuchimba mabwawa ya kufuga samaki. Tofauti yao kubwa na Wahaiti ilikuwa tarehe. Kijana wa Peace Corps alikuja kwa miaka miwili, na toka siku ya kwanza alijua lini atapanda ndege. Alikaa kijijini peke yake, na taa ya petroli na barua za nyumbani zinazochelewa. Lugha alijifunza haraka, juu bila lugha jioni zake zilikuwa ndefu mno.

Mnamo Septemba 1991 askari walipopora Kinshasa na miji mingine, wageni wakaondolewa nchini, na kazi ya Peace Corps katika Zaire ikaishia pale. Kwa wanafunzi wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona mwalimu akiondoka katikati ya mwaka. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya walimu wetu wenyewe kuondoka, na wanafunzi wao nyuma yao.

Zamu yetu ya kuvuka ziwa

Mwisho wa 1996 vita viliingia Kivu ya Kusini. Watu wa Uvira na Fizi, Wabembe, Wafuliiru, Wavira na wengine, walishuka kwenye ziwa Tanganyika wakatafuta mitumbwi. Ng'ambo ni mkoa wa Kigoma, Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwezi wa Novemba 1996. Lugufu ikafuata 1997. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vilipoanza, wengine waliokuwa wamejaribu kurudi wakavuka tena.

Katika umati ule walikuwemo walimu. Mimi ninayeandika nilikuwa mmoja wao. Hatukuvuka kama walimu, tulivuka kama watu wengine wote, tumebeba sufuria na watoto. Lakini wakimbizi wakishapata maji na turubai, jambo linalofuata ni watoto kuzagaa. Wazazi wenyewe walikuja kwetu: mwalimu, tufanye nini? Masomo ya kwanza yalikuwa chini ya miti. Ubao ulikuwa kipande cha mbao kilichopakwa masizi, na viti vilikuwa mawe na magogo. Baadaye ndipo HCR na mashirika yake yakaleta mahema, chaki, vitabu, na kalasi za tofali.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wafadhili wetu wengi hawalijui. Mwalimu Mkongo kule Kigoma alikuwa mgeni, lakini hakufundisha watoto wa wenyeji. Mhaiti alifundisha Wakongo, Mmarekani alifundisha Wazaire. Sisi tulifundisha watoto wetu wenyewe, kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya nchi inayofundisha shule ya msingi kwa Kiswahili. Ramani tuliyochora ubaoni ilikuwa ya Kongo. Mtoto aliyezaliwa Lugufu alijifunza majina ya mito ambayo hajawahi kuiona, na lengo la kalasi ya sita ya sekondari lilikuwa mtihani wa Leta.

Ilikuwa siasa ya Tanzania ya wakati ule: mkimbizi asome kwa programu ya kwao ili siku ya kurudi asipotee. Haikuwa hivyo siku zote. Warundi waliokimbia 1972 walipewa ardhi kubwa Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo, na watoto wao walisoma programu ya Tanzania. Wengi wao walibaki, na mwaka 2014 Tanzania ilitoa uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo. Programu ya shule inaonyesha serikali inamtazamia mtoto aishi wapi. Sisi tuliambiwa kwamba uso wetu uelekee ziwani.

Posho, kadi na bustani

Kwa sheria ya Tanzania, mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kuajiriwa kama mtu mwingine. Kwa hiyo mwalimu wa kambini hakupata mshahara, alipata posho. Wengi tuliita insentivu. Lilikuwa ni jina la Kiingereza kwa kitu kidogo. Kazi ilikuwa ya siku nzima, mara nyingi kwa zamu mbili, kundi la asubuhi na kundi la mchana juu ya uchache wa vyumba. Posho ilitosha sabuni, chumvi ya ziada, daftari na labda kitenge kimoja kwa mwaka.

Chakula kilitoka kwenye kadi. Siku ya mgao, mwalimu alisimama mstari mmoja na wazazi wa wanafunzi wake, gunia mkononi, kupokea unga wa mahindi, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Mahindi, mahindi, mahindi. Mtu wa Fizi amezoea bugali bwa muhogo, sombe, samaki wa ziwa. Basi baada ya masomo kazi ya kwanza ya mwalimu ilikuwa bustani: lengalenga pembeni ya nyumba, maboga juu ya paa, muhogo pale ulipopata nafasi kwa ajili ya majani yake. Bibi wa mwalimu aliuza sehemu ya mgao sokoni ili apate ndagala. Wengine waliongeza kazi ya mikono: kushona, kutengeneza baiskeli, kunyoa, kuandikia watu barua. Mwalimu kuandika barua ya mtu ilikuwa heshima na pesa kidogo, na ilimfanya ajue siri za nusu ya kambi.

Nyumba tulijenga wenyewe kwa tofali za udongo. Jirani zako walikuwa wale wale uliofundisha watoto wao, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mwalimu hakuwa na mahali pa kujificha. Ukigombana na bibi yako usiku, kesho kalasi nzima inajua. Ukikosa sabuni, wanaiona shati yako. Lakini pia ukiugua, walikuja. Mzazi asiyekuwa na kitu aliweza kukuletea kikombe cha unga, akisema tu: "Mwalimu, kula ili kesho ufundishe."

Jioni za kambi

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilimtaka mkimbizi akae ndani ya eneo alilopangiwa. Kutoka bila kibali lilikuwa kosa, na watu walikamatwa. Hii ndiyo ilikuwa tofauti kubwa kati yetu na Mhaiti wa Léopoldville. Yeye jioni alikuwa na mji. Sisi jioni tulikuwa na mpaka. Mji wa Kasulu haukuwa mbali, lakini kwa mwalimu asiye na kibali ulikuwa mbali kama Kinshasa.

Basi tulifanya nini kwa miaka ile yote? Tulicheza. Mpira ulianza na makaratasi yaliyofungwa kamba, halafu mipira ya kweli ikaja, zikaundwa timu za mitaa, na karibu kila timu ilikuwa na mwalimu kama kocha au refa. Watu walimtii kwa filimbi kwa sababu asubuhi walishamtii kwa chaki. Wengine walikaa chini ya mti na ubao wa dame, vifuniko vya chupa vikiwa ndiyo kete. Watanzania mchezo huo huo wanaita drafti. Mchezo mmoja wa dame ungeweza kuanza saa tisa na kumalizika giza likiingia, na watazamaji kumi wakibishana zaidi ya wachezaji wawili.

Jumamosi na Jumapili ilikuwa kwaya. Makanisa yalikuwa mengi na kila kanisa lilikuwa na kwaya yake, mengine mbili au tatu. Walimu waliandika maneno ya nyimbo, walipanga sauti, walitengeneza magitaa ya mbao yenye nyuzi za breki za baiskeli. Kwaya za kambi zikafika mahali pa kurekodi kanda, na kanda hizo zilivuka ziwa kabla yetu. Kuna watu Uvira na Baraka waliotambua sauti ya ndugu yao ndani ya kanda, ndipo wakajua kwamba bado yuko mzima.

Na kulikuwa na redio. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa bei, kwa hiyo redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi. Tuliyaweka juani mchana ili yapate nguvu ya jioni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, Sauti ya Ujerumani, RFI kwa Kifaransa. Kuanzia 2002 tulianza kusikia pia jina la Redio Okapi. Mwalimu alikuwa mtafsiri. Taarifa ikiisha kwa Kifaransa, wazee walimgeukia: "Wamesema nini juu ya Sun City? Tutarudi?" Mwaka 2002 na 2003, mazungumzo ya amani yalipokuwa yakiendelea na serikali ya mpito ikaundwa, jioni hizo zilikuwa kama kalasi ya pili, ya watu wazima.

Wasomaji wetu wa mbali wasidhani kwamba hayo yote yalikuwa raha tu. Jioni ilikuwa pia saa ya mawazo. Kuna walimu walioanza kunywa. Kuna walioacha chaki wakaenda kulima mashamba ya wenyeji kwa siri, wakakamatwa. Kuna waliopelekwa nchi za mbali kuishi huko, Marekani na kwingine, na kila mmoja aliyeondoka aliacha kalasi bila mtu. Mpira, kwaya na dame ndivyo vilivyotuzuia wengi tusivunjike. Tunaviita burudani, lakini vilifanya kazi ya dawa.

Kiswahili kimoja, maana mbili

Jirani zetu wa vijiji vya karibu walikuwa Waha. Tulikutana nao sokoni na hospitalini, juu wao pia walikuja kutibiwa kambini. Sote tulisema Kiswahili, na hapo ndipo vichekesho vilipoanza.

Mkongo akisema "niko na bibi yangu", Mtanzania anamtafuta mwanamke mzee, kumbe huyo ni mke. Mkongo akimwambia mtu "tosha kile kikapu", anataka akiondoe. Mtanzania anafikiri anasifiwa kwamba kikapu kinatosha. Masomo kwetu ni shule, kwao ni kile kinachofundishwa ndani yake. Sombe yetu ni kisamvu chao, lengalenga yetu ni mchicha. Mwanzo walitucheka, na sisi tuliwacheka kwamba wanaongea kama kitabu. Baada ya miaka michache watoto wetu walikuwa wanaongea kama wao, na walipokuja nyumbani walitusahihisha.

Kwa mwalimu hili lilikuwa jambo gumu. Asubuhi alifundisha Kifaransa kwa watoto ambao jioni hawakukisikia popote. Kiswahili chao kilikuwa cha Kigoma, lugha ya nyumbani Kibembe au Kifuliiru, na lugha ya cheti Kifaransa. Tulilalamika wakati ule. Leo tunaona vijana waliotoka kule wanafanya biashara pande zote mbili za ziwa bila mkalimani, na wengi walipata mwanzo wao katika kalasi zile za udongo.

Kurudi na karatasi

Mnamo Oktoba 2005 meli za HCR zilianza kuwaleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka kwa hiari yao. Katika miaka iliyofuata walirudi makumi ya maelfu. Lugufu ikafungwa 2009, na waliokuwa bado hawajarudi wakahamishiwa Nyarugusu, kambi ambayo haikuisha.

Mtoto aliyerudi aliingia kalasi inayofuata bila kupoteza mwaka, kwa sababu programu ilikuwa ile ile. Hii ndiyo kazi kubwa ya walimu wa kambi, na tunaomba isisahauliwe: walikaa miaka nje ya nchi wakiishikilia shule ya Kongo isianguke, bila mshahara wa Kongo na bila mshahara wa Tanzania.

Lakini mwalimu mwenyewe alirudi na nini? Alirudi na begi la karatasi: vyeti vya mafunzo, barua za kazi, daftari za kutayarisha masomo. Mwenzetu mmoja alizipeleka kwenye ofisi moja ya elimu, akaulizwa: "Muhuri huu ni wa nani? Hii si Leta." Miaka yake tisa ya kufundisha ikahesabiwa sifuri. Akaanza upya kama kijana aliyetoka shuleni jana, hayumo kwenye listi ya mishahara, hajawa mekanize kama tunavyosema, akingoja wazazi wachange. Na tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, Septemba 2019, hata mchango huo wa wazazi ukakatika, na walimu wasio kwenye listi wamebaki wakitazama juu.

Ndiyo maana kamati imeamua kufungua daftari la walimu wa kambi. Tunaomba kila mwanachama aliyefundisha Lugufu, Nyarugusu, au kule Zambia katika Mwange na Kala, alete karatasi zake zipigwe nakala, na jina lake liandikwe pamoja na miaka na kalasi alizofundisha. Asiye na karatasi alete mashahidi wawili, wanafunzi wake wa zamani. Hatuahidi kwamba Leta itakubali kesho. Tunajua tu kwamba hoja isiyoandikwa haiwezi hata kukataliwa, inapotea tu.

Leo wageni wako kwetu

Kuna sababu nyingine ya kuandika haya sasa. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yalileta wakimbizi wengi ng'ambo yetu, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa hapa hapa katika teritware ya Fizi. Watoto wao wanakaa kwenye viti pamoja na watoto wetu. Na kati ya wazazi wao wamo watu waliokuwa walimu kwao, wanaojua kushika chaki, wanaokaa leo chini ya mti wakicheza mchezo ule ule wa vifuniko vya chupa.

Sisi hatuhitaji kufundishwa maisha yao yalivyo. Tunajua bustani ya lengalenga, mstari wa mgao, redio ya mawe ya kuanika. Kinachobaki ni kujiuliza kama tunawapokea kama tulivyotamani kupokelewa. Katika mikutano yetu tumesikia maneno ya kusikitisha: kwamba wanajaza kalasi, wanamaliza kuni, wanapewa na sisi hatupewi. Haya yote yalisemwa juu yetu kule Kigoma, kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu.

Kwa wafadhili tuna ombi moja la wazi. Mnapojenga kalasi, ongezeni chumba cha mwalimu. Wale waliowaleta Wahaiti 1960 walijua kwamba mwalimu wa kigeni bila nyumba hakai. Hili ni kweli pia kwa kijana anayetumwa kutoka Bukavu kwenda kufundisha katika milima ya Fizi: naye ni mgeni, ingawa yuko ndani ya nchi yake. Mabati mazuri juu ya kalasi hayasaidii ikiwa mwalimu analala nyumba ya kuomba na kila Ijumaa anatafuta pikipiki ya kuondoka.

Kwa wanachama, ombi ni dogo zaidi na halina gharama. Timu yetu ya Jumapili inahitaji refa. Kwaya inahitaji watu wa sauti ya nne. Kule Lusenda wapo wanaoweza. Waalikeni. Na mwalimu mpya akifika kijijini kwenu, awe Mrundi, Mshi au mtu wa Kalemie, msimsubiri kalasini tu. Jioni yake ya kwanza, apelekewe bugali na samaki, na mtu wa kukaa naye.